Tufuate Maji Mpaka Yawe ya Chumvi

Hotuba ya kamati ya baiskeli kwenye sherehe ya Siku ya Uhuru, Toronto

 

Tunajua harufu ya pilau imekwisha kuingia ukumbini, na mtu anayesimama na maikrofoni kati ya watu na pilau hapati marafiki. Tutasema tuliyotumwa kusema, kisha tutakaa.

Mwenyekiti ametutaka sisi wa kamati ya baiskeli tueleze mpango wa safari ya kutoka hapa Toronto hadi baharini. Baadhi yenu mlicheka mliposoma ratiba, na tunawaelewa. Leo ni Desemba, nje ni theluji, na baiskeli zetu zimelala chini ya nyumba zimefunikwa shuka kuukuu. Lakini mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta jembe. Baiskeli tutaziendesha Julai, ila likizo za kazini zinaombwa sasa, na vyumba vya kulala na viwanja vya kambi vinaanza kukodishwa kabla theluji haijayeyuka. Tukichelewa hapa, Julai itatukuta tumekaa.

Mpango huu ulianza na swali. Kiangazi kimoja tulikuwa kando ya Ziwa Ontario, upande wa Beaches, tumemaliza kuchoma nyama. Mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Pangani, alikuwa amekaa peke yake akitazama maji. Akatuuliza, "Maji haya yanakwenda wapi?" Kijana mmoja akamjibu kwamba yanaingia mtoni, na mto unakwenda baharini. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii nimekaa kwenye njia ya kwenda baharini, na hakuna aliyeniambia."

Siku ile tulicheka. Tuliporudi nyumbani tukafungua ramani, na ramani ikatuambia kwamba mzee amesema kweli tupu. Ziwa Ontario linamwaga maji yake kwenye mto St. Lawrence pale mjini Kingston. Mto unapita Cornwall, Montreal, Trois-Rivières na Quebec, halafu unapanuka mpaka ng'ambo haionekani vizuri, na maji yanakuwa ya bahari. Ziwa letu hili liko mita 75 tu hivi juu ya usawa wa bahari. Meli za baharini hufika mpaka bandari ya Toronto, kwa sababu tangu mwaka 1959 kuna njia ya meli yenye milango ya maji inayozipandisha na kuzishusha ngazi kwa ngazi. Kama meli inaweza kupanda kutoka baharini mpaka hapa, na baiskeli inaweza kuteremka.

Tukapima. Kutoka hapa hadi mji wa Rivière-du-Loup, ambako maji ni ya chumvi na nyangumi huonekana wakati wa kiangazi, ni kama kilomita 1,100 kwa njia ya kando ya maji. Wale mliosoma historia yetu mtaona kwamba huo ni mwendo unaokaribia ule wa misafara ya zamani kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Njia ile ilibeba machozi mengi, na jina la Bagamoyo hadi leo watu hulieleza kwa namna mbili: wengine husema ni mahali mpagazi alipobwaga mzigo akapumzika, wengine husema ni mahali mateka alipokata tamaa. Hatuifananishi safari yetu na ile. Tunasema tu kwamba kwetu safari ya kutoka bara hadi pwani si jambo geni. Babu zetu waliijua kwa miguu, na walijua kwamba haifiki asiyeipanga.

Sisi tulilijua hilo kwa kuumia. Turuhusuni tuseme ukweli, kwa sababu wengi mmesikia hadithi hii nusu nusu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Cobourg, mji wenye ufukwe mzuri wa mchanga, mashariki mwa hapa, kama kilomita 120. Tulikuwa watu 14. Hatukukaa mkutano hata mmoja. Mmoja wetu aliandika jina la mji kwenye simu, simu ikachora mstari mfupi kuliko yote, nasi tukaufuata. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini asubuhi ile hakuna aliyewakumbuka. Njia ile fupi ilitupitisha kwenye barabara za malori zisizo na bega, halafu kwenye kokoto, halafu kwenye saa mbili za jua kali pasipo bomba la maji wala choo. Wenye nguvu walikwenda mbele wakapotea machoni. Wa nyuma wakakazana kuwafikia. Mahali fulani barabara inakata reli kwa mshazari, na dada yetu mmoja, aliyekuwa amepanda baiskeli ya kuazima, gurudumu lake la mbele likaingia kwenye mfereji wa reli. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Wale wa mbele walikuwa wameshafika Cobourg wanakunywa soda. Walipata habari baada ya saa nzima.

Dada huyo yumo humu ukumbini na ametupa ruhusa ya kumtaja hivi bila jina. Tulipokwenda kumtazama nyumbani, tulikuwa tumejiandaa kwa lawama. Alisema sentensi moja: "Mliangalia mwisho wa njia, hamkuniangalia mimi." Hatukuwa na jibu. Baada ya miezi miwili mkono ulipopona, alikuja kwenye mkutano wetu wa kwanza wa kweli, na leo yeye ndiye anayeshika daftari la ramani. Kila mnachokisikia jioni hii kimepita mikononi mwake.

Basi jambo la kwanza tulilojifunza ni hili: safari ya watu wengi hupimwa kwa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Kijana mwenye mapafu mazuri anaweza kwenda kilomita 120 kwa siku. Mama anayefanya kazi ya usiku na ambaye hajapanda baiskeli tangu alipokuwa shule ya msingi atakwenda kilomita 50, akipata kivuli na chai. Kwa hiyo siku yetu ni kilomita 50. Anayeona ni chache azunguke kijiji mara mbili jioni wakati wenzake wanapika.

La pili: njia ya kupendeza na njia ya salama mara nyingi ni njia moja. Malori hupita barabara kuu ya 401, ambako baiskeli hairuhusiwi kabisa. Kando ya ziwa kuna njia nyingine, ndefu zaidi, inayopita kwenye bustani, bandari ndogo, mashamba ya matofaa na mitaa ya watu wanaokusalimu. Njia hiyo ilizinduliwa mwaka 1995, baada ya tume iliyoongozwa na David Crombie, aliyewahi kuwa meya wa Toronto, kupendekeza kwamba ukingo wa ziwa urudishwe kwa wananchi. Ilianza kwenye Ziwa Ontario peke yake; leo ina urefu wa zaidi ya kilomita 3,000 na inagusa maziwa makuu mengine pia. Ina vibao vyake njiani. Ukivuka mpaka wa Quebec unapokewa na mtandao wa njia za baiskeli uitwao Route Verte, uliokamilishwa mwaka 2007 ukiwa na zaidi ya kilomita 4,000. Kwa maneno mengine, ndugu zangu, njia ya kwenda baharini ipo, imechorwa, na imelipiwa kwa kodi zetu. Kazi yetu ni kuigawa tu katika siku ambazo mwili wa binadamu unaziweza.

La tatu: upepo. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa hili. Nahodha wa jahazi hakupingana na msimu. Alingoja kusi imchukue kaskazini, akangoja kaskazi imrudishe. Hapa, wakati wa kiangazi, upepo mara nyingi hutoka magharibi na kusini-magharibi, na bonde la St. Lawrence linaelekea kaskazini-mashariki. Anayetoka Toronto kwenda baharini mara nyingi anasukumwa mgongoni. Anayerudi kwa baiskeli anapigwa usoni. Ndiyo maana tumeamua kwenda kwa baiskeli na kurudi kwa gari.

Sasa tuwapitishe njia yenyewe, ili kila mmoja ajue anaombwa aende wapi.

Tunaondoka mjini kwa njia ya Martin Goodman iliyo kando ya ziwa. Scarborough inatuondoa majini kidogo, kwa sababu ya yale magenge marefu ya udongo mweupe, halafu tunarudi ziwani kwenye mlango wa mto Rouge. Tunapita Pickering, Ajax, Whitby na Oshawa, ambako baadhi yenu mnaishi, na safari hii tutaomba chai milangoni mwenu. Kisha Port Hope, Cobourg, na Brighton. Baada ya Brighton kuna kijiji kiitwacho Carrying Place. Jina hilo linatokana na watu wa asili wa nchi hii, waliokuwa wakibeba mitumbwi yao mabegani kuvuka shingo ya nchi kavu kutoka maji haya hadi yale. Tutasimama pale tuwaeleze watoto kwamba hata hapa kuna waliotembea kabla ya barabara.

Kutoka hapo tunaingia Prince Edward County, nchi ya mashamba na vilima vya mchanga mweupe vya Sandbanks. Njia inaishia majini pale Glenora, na kuna pantoni. Mzee wetu wa Pangani alipoiona kwenye picha alisema, "Hii ni ya kwenda Bweni," na tangu siku hiyo hatuiti jina jingine. Tofauti ni kwamba hii ya Glenora haina nauli. Ukivuka, unafuata barabara ya ukingoni mpaka Kingston, mji uliokuwa makao makuu ya Jimbo la Kanada kuanzia 1841 hadi 1844. Hapo ziwa linakwisha. Kipande hiki cha kwanza ni siku saba.

Kipande cha pili kinaanzia Kingston hadi Montreal. Baada ya Gananoque unapita mbele ya visiwa zaidi ya 1,800, vingine vina nyumba moja na mti mmoja, na kwa zaidi ya kilomita 30 kuna njia ya baiskeli iliyotengwa na magari. Hapo hata anayejifunza anaweza kupumua. Halafu Brockville, Prescott, Morrisburg. Kabla ya Cornwall kuna mahali tumepapangia nusu siku nzima. Tarehe 1 Julai 1958 maji ya mto yaliachiliwa yapande ili kujaza bwawa la umeme na kufungua njia ya meli. Vijiji vikazama, na watu kama 6,500 walikuwa wamehamishwa. Nyumba nyingine zilibebwa zima zima juu ya magari makubwa. Leo unapita kwa baiskeli kwenye visiwa ambavyo zamani vilikuwa vilele vya nchi yao, na kuna mahali barabara ya zamani inaonekana ikiingia ndani ya maji. Tuliposoma habari hii kwenye kamati, mama mmoja aliyehama kijiji chao wakati wa Operesheni Vijiji alituambia mambo ambayo watoto wake mwenyewe hawakuwahi kuyasikia. Hivyo tumepanga chakula cha mchana cha siku hiyo kiwe kirefu, na wazee ndio watakaozungumza.

Tukivuka mpaka wa Quebec, vibao vinageuka kuwa vya Kifaransa. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, hapa tunawahitaji. Mtakuwa wakalimani wetu, na malipo yenu ni pilau. Mfereji wa zamani wa Lachine unatuingiza Montreal bila kugusa barabara kubwa. Kipande hiki ni siku sita.

Kipande cha tatu kinatoka Montreal hadi maji ya chumvi. Tunafuata ukingo wa kaskazini, kwenye barabara ya kale iliyofunguliwa mwaka 1737 kuunganisha Montreal na Quebec, kijiji baada ya kijiji, kanisa baada ya kanisa. Karibu na Trois-Rivières jambo linaanza ambalo kila mtu wa pwani atalitambua: mto unaanza kupwa na kujaa. Bado ni maji matamu, bado uko mamia ya kilomita kutoka bahari kuu, lakini bahari imeshaanza kuuvuta. Ukifika mji wa Quebec, maji yanapanda na kushuka mita kadhaa. Hapo tunavuka kwa pantoni hadi Lévis, ukingo wa kusini. Chini ya kisiwa cha Orléans chumvi inaanza kuingia. Montmagny, Saint-Jean-Port-Joli, Kamouraska. Kamouraska maji yakipwa yanaacha matope mapana na mwani, na upepo unaleta harufu ambayo hatuna haja ya kuwaeleza waliozaliwa Tanga, Lindi, Kilwa au Unguja. Halafu Rivière-du-Loup. Kipande hiki ni siku kumi na moja, pamoja na siku moja ya mapumziko Quebec.

Mnaona kwamba tumeigawa safari katika vipande vitatu. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, na hakuna mwajiri atakayetupa siku 24 mfululizo. Basi kila kiangazi kipande kimoja, miaka mitatu.

Hapa ndipo tulipogombana, na hatutaki kuwaficha. Vijana wetu walisema miaka mitatu ni mingi. Wao wako tayari kwenda yote kwa siku kumi na mbili, kiangazi kimoja, na kuleta picha. Tuliwajibu kwa ukali, tukawaambia wanataka kurudia ya Cobourg. Lakini kijana mmoja akasema neno lililotunyamazisha. Alisema, "Mnasema mnapanga kwa ajili ya wanaokwenda polepole. Mzee atakuwa na umri gani mwaka wa tatu?"

Kijana alikuwa na haki. Mzee wetu wa Pangani ana miaka 74. Tangu atuulize lile swali, moyo wake umelazwa hospitali mara moja. Tulikuwa tumepima miguu ya watu tukasahau kupima miaka yao. Tungempandisha baiskeli kwenye ziwa mwaka wa kwanza, kwenye mto mwaka wa pili, na kumwahidi bahari mwaka wa tatu, kana kwamba miaka iko mfukoni mwetu.

Jibu lilitoka kwa dada yetu wa daftari la ramani. Alifungua ukurasa wa mwisho akauliza, "Nani amesema safari ianzie Toronto?" Tukabisha kidogo. Mmoja wetu alisema safari huanzia mwanzo, mwingine akasema jina la mpango ni kufuata maji, na maji hayaanzii mwisho. Yeye akatulia mpaka tulipochoka. Kisha akasema kwamba maji hayatajali tumeyafuata kwa mpangilio gani, lakini kuna mtu atakayejali.

Kwa hiyo pendekezo la kamati, ambalo tunalileta mbele yenu usiku huu ili lipigiwe kura kwenye mkutano mkuu wa Januari, ni hili: kiangazi kijacho tuanze na kipande cha mwisho, na tukipunguze. Tuanzie mji wa Quebec hadi Rivière-du-Loup, karibu kilomita 200, siku tano za polepole. Mwaka unaofuata tufanye Toronto hadi Kingston. Mwaka wa tatu Kingston hadi Montreal, na vijana wenye haraka waunganishe Montreal na Quebec wenyewe, kwa baraka zetu zote.

Pendekezo hili lina gharama, nasi hatutalipaka sukari. Kutoka hapa hadi Quebec ni kama kilomita 800 kwa gari. Tutahitaji mabasi madogo mawili na gari moja la kubebea baiskeli. Kama tungeanzia hapa Toronto, tungetoka milangoni mwetu bila kulipa mafuta ya kwenda. Mweka hazina amefanya hesabu na ataileta Januari. Tunachowaomba leo ni kwamba, mtakapoiona hesabu hiyo, msiisome kama bei ya mafuta peke yake.

Kuhusu usalama, akina mama mmeuliza mengi na mna haki. Kila mtu atavaa kofia ngumu, hata kama sheria ya Ontario inawalazimisha walio chini ya miaka 18 tu. Kila baiskeli itakuwa na kengele, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Atakayetangulia na atakayekuwa wa mwisho watavaa fulana za rangi ya kung'aa, na hakuna atakayempita wa mbele wala kubaki nyuma ya wa mwisho. Kila penye reli tutashuka na kusukuma. Gari la nyuma litabeba maji, tyubu, viraka, pampu na mtu yeyote aliyechoka, na kupanda gari si aibu. Mzee ameshasema yeye ataendesha asubuhi na kupanda gari mchana. Vituo vimepangwa kwa kuzingatia swala, na siku ya Jumapili tutaondoka baada ya ibada.

Kwa wasiojua kuendesha: kuanzia Mei, kila Jumamosi asubuhi, tutafundisha kwenye kiwanja cha kuegeshea magari kilicho nyuma ya ukumbi huu. Tumetafuta baiskeli zisizo na bomba la juu na zenye kifuniko cha mnyororo, ili mwenye kanga, baibui au gauni refu asipate tabu. Wengi wenu mlikatazwa baiskeli mlipokuwa wasichana, mkaambiwa ni kitu cha kaka zenu. Kaka zenu wakapelekwa nayo kisimani, sokoni na shuleni, ninyi mkatembea. Hilo deni tungependa lilipwe kwenye kiwanja kile.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuuliza mambo haya yanahusiana vipi na Siku ya Uhuru. Wazee mnakumbuka mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha, vijana walitoka pembe mbalimbali za nchi wakatembea kwa miguu kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alitoka Arusha kwenda Dar es Salaam, akafariki njiani, na hadi leo tunalitaja jina lake. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa siku nane. Alikuwa na magari ya kumfikisha jioni ileile. Aliyemwona akipita kijijini kwao aliweza kumsemesha, na yeye aliweza kusikia.

Sisi tumeishi nchi hii miaka kumi, ishirini, arobaini, na wengi wetu tunaijua kwa barabara kuu, lifti na maghala ya kazi. Tunalipa kodi, watoto wetu wanaimba wimbo wake wa taifa, lakini hatujui maji ya bomba letu yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mtu aliye huru huijua ardhi anayokanyaga. Watoto wetu hawakupata bahati ya kutembea kutoka kijiji hadi kijiji kama tulivyotembea sisi. Tunaweza kuwapa mwendo wa baiskeli, siku tano, nyuma ya mzee mmoja anayeendesha polepole na kuwaambia hadithi za Pangani.

Tumemwuliza mzee anataka kufanya nini akifika. Tulidhani atasema ataoga, au ataomba dua. Alisema ataonja maji kwa kidole, ahakikishe hatukumdanganya.

Mwenyekiti, hiyo ndiyo taarifa yetu. Daftari la ramani liko kwenye meza ya mlangoni, na dada yetu atakuwa pale mpaka ukumbi ufungwe. Andikeni majina yenu, andikeni mnaweza kilomita ngapi, na msiongeze chumvi kwenye kilomita, chumvi tutaikuta tunakokwenda. Na mje Januari mpige kura.

Uhuru na Umoja. Karibuni pilau.